Hata wewe tunakuona kwa macho hayo hayo

Saa hizi ningekuwa nimelala, maana kesho mimi ndiye mwalimu wa zamu. Lakini yule mzee hajanitoka kichwani tangu Jumamosi.

Mnayajua mazungumzo yetu ya sayansi pale ukumbini Walukuba, hapa Jinja, Uganda, yale ambayo Shangazi anayaita mkutano wa wasio na kazi. Safari hii zamu ilikuwa yangu, nikachagua maji ya Kayabwe. Nani hajapita Kayabwe akienda Masaka? Unashuka kwenye taksi, unapiga picha ndani ya lile duara jeupe la Ikweta, halafu kijana anakuonyesha mabeseni yake ya maji, yenye tundu chini na ua likielea juu. Kaskazini mwa mstari ua linazunguka upande huu, kusini linazunguka upande ule, juu ya mstari wenyewe maji yanashuka wima. Unalipa, unaondoka umefurahi.

Nikaanzia mbali. Mzunguko wa dunia kweli unapindisha vitu vikubwa vinavyosafiri mbali: tufani Idai iliyoipiga Beira mwaka 2019 ilizunguka kufuata mwendo wa saa kwa kuwa ilikuwa kusini, na za kaskazini huzunguka kinyume chake. Ila ukikaribia Ikweta nguvu hiyo inapungua mpaka inakwisha, ndiyo maana tufani hazizaliwi huku kwetu. Hatua chache kutoka kwenye mstari haina ubavu wa kugeuza maji ya beseni. Anayeyageuza ni mmiminaji. Akimwaga kwa ubavuni yanaanza kuzunguka, na wewe unayaona yametulia. Yakikaribia tundu ndipo mwendo unapozidi na ua linaanza kucheza.

Nikawapa na habari ya Ascher Shapiro, aliyelijaribu jambo hili Marekani mwaka 1962. Tangi lenye upana wa karibu mita mbili, maji yakaachwa yatulie saa 24 nzima, kizibo kikavutwa kwa chini ili yasitikisike. Hata hivyo kwa dakika kumi na zaidi hayakuonyesha kitu, ndipo yakaanza kuzunguka polepole kinyume na mwendo wa saa. Mwaka 1965 wenzao wa Sydney, kusini, wakapata kinyume cha hapo. Watu walikuwa wananisikiliza vizuri, hata wale wa viti vya nyuma wanaokujaga kwa ajili ya chai.

Ndipo akasimama yule fundi wa reli mstaafu, wa nyumba za nyuma ya msikiti.

“Mwalimu, mimi nilisimama pale Kayabwe. Ua nililiona linageuka.”

“Ni kweli, Mzee, uliliona. Lakini macho yanaweza kudanganywa.”

Akatikisa kichwa taratibu, kama aliyekuwa akilingoja jibu hilo hilo. “Hata wewe tunakuona kwa macho hayo hayo.”

Ukumbi mzima ulicheka. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Nami nikasema, “Haya, swali lingine,” nikaketi na nusu ya karatasi zangu sijazisoma.

Tangu hapo najibu. Najibu nikiwa bafuni, najibu juu ya boda, najibu nikisahihisha madaftari ya kidato cha pili. Kwenye kwanjula ya dada, sherehe ya kumtambulisha mchumba wake nyumbani (iliyokwenda salama, asanteni kwa salamu), nilikuwa nimevaa gomesi, sahani ya matoke mkononi, namjibu mzee aliyekuwa maili nyingi mbali. Jibu zuri kuliko yote lilikuja Jumanne: “Basi Mzee, usiniamini hata mimi.” Lina faida gani Jumanne? Hata mkuu wetu wa shule alipotangaza kwamba anahamishwa, nilipiga makofi na wenzangu huku nikiwaza ningelisema kwa sauti gani.

Na kuna kilichoniuma zaidi ya kicheko. Alisema kweli. Wote mle ndani walikuwa na neno la kijana wa Kayabwe na neno langu, na kijana angalau alikuwa na beseni.

Jana jioni mke wake akaja hapa mlangoni, kanga kiunoni, hakutaka hata maji ya kunywa.

“Mwalimu, umemwambia nini mume wangu? Beseni langu la kufulia amelitoboa kwa msumari wa moto!”

Nikamfuata mpaka kwao. Beseni lenyewe, la bluu, lilikuwa barazani juu ya matofali, limefunikwa shuka upepo usiingie, na chini yake kizibo cha gunzi kimefungwa kamba. Wajukuu walikuwa wamefukuzwa hadi kwenye mwembe. Mzee ameketi kwenye kigoda.

“Shikamoo Mzee.”

“Marahaba. Simama hapo hapo, unatikisa sakafu. Yametulia tangu jana.”

Nikasimama. Akafunua shuka taratibu, akaweka ua la bogenvilia juu ya maji kwa ncha za vidole, akavuta kamba. Tulikaa kimya muda mrefu. Ua likasogea kidogo, likasita, likaanza kuzunguka kulia. Akainuka na kipande cha mkaa, akachora mstari ukutani. Hapo ukutani palikuwa na mistari mingine: kulia michache, kushoto michache, na mmoja ameuwekea alama ya kuuliza kwa sababu mbuzi alipita.

“Na hapa ni upande mmoja tu wa Ikweta,” alisema, kama ananishtaki.

“Ndiyo, Mzee. Jinja yote iko kaskazini.”

“Mm. Wewe bado sijakuamini. Lakini yule kijana ana elfu zangu.”

Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu njiani mpaka muuza chapati akaniuliza kama nimepata mchumba. Mama mwenye beseni nitamnunulia jingine nikipata mshahara.

Ila mshahara wenyewe sijui. Mdogo wangu amechukua pikipiki ya mkopo bila kumwambia Mama, ameniandika mimi mdhamini, na leo mwenye mkopo amenipigia akiniuliza kwa upole mno kama namjua anakolala siku hizi. Mama anakuja Jumapili.