Madam wa "wale watoto"

Saa 11 na robo alfajiri nimeamka. Chai ya rangi, kiporo cha ndizi, Hiace. Mlima leo umejifunika mawingu. Saa 1 na dakika kumi nipo shuleni.

Mimi ni mwalimu wa kitengo cha watoto wenye ulemavu hapa Moshi. Nilisomea elimu maalumu Patandi, kule Tengeru, lakini mtaani naitwa "madam wa wale watoto", na wapo wanaoamini serikali inanilipa kufuta makamasi. Makamasi nafuta, sikatai. Leo kabla ya kengele ya pili nilikuwa nimeshabadilisha suruali mbili na kumbeba mtoto wa miaka tisa kupanda ngazi tatu ambazo kila mwaka tunaahidiwa zitawekewa mteremko. Mgongo wangu unazijua hizo ngazi.

Saa 2 hadi saa 4: kuhesabu kwa vizibo vya soda, silabi, Lugha ya Alama kwa wawili wasiosikia. Salama.

Saa 4, mapumziko. Hapa ndipo siku iliponikalia vibaya.

Kengele hiyo ikilia, watoto wangu wote wanatoka. Zamani walikuwa wanabaki ndani "wasije wakaumia", wakichungulia wenzao dirishani. Tuna mpira wa matambara uliofungwa kwa pakiti za mkate ili uchakarishe ukibiringika, asiyeona aufuate kwa sikio. (Enzi zile ilikuwa rambo. Tangu zipigwe marufuku Juni 2019, nawasumbua majirani wanitunzie pakiti.) Watoto wa darasa la tatu huja wenyewe kucheza nasi.

Mmoja wangu mwenye mtindio wa ubongo alikuwa kifudifudi mchangani, anausukuma kwa kiganja. Babu yake akatokea getini.

"Shikamoo babu."

Hakuitikia. "Mwalimu, natoa buku mbili ya bodaboda asubuhi, buku mbili mchana, ili huyu aje kugaragara?"

Ada hakuna, kweli, ila bodaboda haina elimu bila malipo. Nilimwelewa. Nikamweleza kwamba mkono ule Januari ulikuwa umekunja ngumi, na ukizoea kufunguka kwa mpira ndio utakaoshika penseli. Akasema penseli ziko darasani. Nikasema shingo nayo inapata nguvu akiinua kichwa kuufuata mpira. Akauliza mbona wa darasa la tatu wanafundishwa, wake anachezeshwa. Nikamwambia na wao wako mapumziko, si unawaona?

"Wao wana miguu."

Nikaenda kuleta nakala ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8, ambako kucheza na kupumzika kumepangwa pamoja na chakula, mavazi na matibabu. Mzee akavaa miwani, akasoma polepole mpaka nikajuta kuileta. Akanirudishia. "Hii inasema mzazi. Mzazi wake yuko Dar."

Nikamwekea kidole kwenye neno "mlezi".

Akanyamaza. Wakati huo uji umepoa, kengele ya kuingia imeshalia na hakuna aliyeingia, kwa sababu mwenzangu yuko likizo ya uzazi na mimi nimesimama nabishana. Mmoja alikuwa anakula mchanga.

Kuanzia hapo saa sizikumbuki. Niliwanawisha, nikawalisha, nikafundisha kitu fulani kuhusu rangi. Babu hakuondoka. Alikaa chini ya mwarobaini, fimbo mapajani. Tulipotoka tena mchana mpira ukamfikia miguuni. Aliutazama muda mrefu, nikadhani atausukumia mbali. Akaugonga kwa ncha ya fimbo, ukarudi ukichakarika, na mjukuu akacheka ile sauti yake kubwa mpaka darasa la nne wakajaa madirishani.

Bodaboda ilipofika alinisogelea. "Kesho nampa nguo ya kuchezea. Sare naifua mimi."

Jioni nimepitia duka la Mangi. Kanitunzia pakiti tatu. Ule mpira umepasuka ubavuni, na miguu yangu haitaki kusikia habari ya sindano ya kuushonea usiku huu.