Nilivyohamisha sanduku langu la DVD hadi kwenye simu bila kuiba cha mtu

Nafundisha katika kisiwa cha Pate, na kila mwisho wa juma, bahari ikikubali, hupanda mashua ya abiria kutoka Mtangawanda kurudi nyumbani kwetu Mkomani, Lamu. Nyumbani ninalo sanduku lenye diski za filamu zipatazo sabini, zote nilizinunua kwa pesa zangu: vichekesho vya Kiswahili kutoka Mombasa na Dar es Salaam, rekodi za Maulidi, na filamu chache za kigeni. Huko Pate sina televisheni, na chumba ninachokaa kina paneli ndogo ya sola ambayo ikiwasha taa mbili na kuchaji simu imemaliza kazi yake. Haja yangu haikuwa kubwa: filamu nilizokwisha kuzilipia nizitazame kwenye simu.

Niliposema haja hiyo barazani, kila mtu aligeuka mtaalamu. Wa kwanza alinishauri nizipakue mtandaoni, bila kujali zimewekwa huko na nani. Wa pili alinielekeza kwa kijana anayejaza flashi filamu mia moja kwa bei ya chakula cha mchana. Binamu yangu aliyeko London akanipigia simu kunituliza kwamba huko kwao mtu ameruhusiwa kunakili alichonunua, kwa hiyo nisijisumbue na maswali. Habari yake ilikuwa imechacha, kwa kuwa Uingereza iliruhusu nakala za matumizi binafsi Oktoba 2014, kisha Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo Julai 2015. Na hata kama ingekuwa bado hai, mimi naishi Lamu.

Nilikaa nikaisoma Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kwa subira ambayo mke wangu aliiona kuwa ugonjwa. Sheria hiyo inatambua kuitumia kazi ya mtu kwa njia ya haki katika shughuli za binafsi, na pia inakataza kuvunja kinga ya kiufundi iliyowekwa kuilinda kazi hiyo. Kutokana na hayo nikajiwekea mipaka yangu: diski iwe nimeinunua mwenyewe, nakala iwe moja na isitoke mkononi mwangu, na diski yenye kufuli nisiiguse.

Mshauri mwingine wa pale barazani ndiye aliyenipotezea siku nzima, na huyu namkumbuka vizuri. Alisema, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kufanya jambo mara nyingi, kwamba hakuna haja ya kununua kifaa chochote. Mtu huiweka simu mbele ya televisheni, akacheza diski, akairekodi. Nikaona ni akili. Jumapili asubuhi nikaifunga simu kwa mpira juu ya kinu cha mbao, kinu nikakiweka juu ya kigoda, madirisha nikayafunika kwa leso, na watoto nikawapeleka kwa shangazi yao. Diski niliyoichagua ilikuwa rekodi ya Maulidi, ambayo bibi yangu huipenda kuliko zote.

Dakika kumi za mwanzo zilikwenda salama. Kisha punda wa jirani, ambaye siku zote husimama kimya kichochoroni kama mzee mwenye deni, akaona hiyo ndiyo saa ya kulia, na akalia mpaka akaridhika. Baada yake adhana ya adhuhuri ikapanda kutoka misikiti mitatu kwa kupishana. Bibi akaingia akiwa na sinia la mchele wa kuchagua, akakaa mbele ya kinu, na nilipomwomba kwa ishara asogee akaniuliza kwa sauti kubwa kwa nini nimekuwa bubu. Stima ikakatika dakika ya hamsini, ikarudi, nikaanzisha tena kutoka pale ilipokatikia, au nilivyodhani. Jioni tulipoitazama, mistari myeusi ilikuwa ikipanda na kushuka kwenye picha kama chelewa za ufagio, dufu hazisikiki vizuri, na nusu ya rekodi ni kisogo cha bibi mwenyewe. Aliishika simu karibu na uso, akaitazama kwa muda, akanirudishia. "Mwanangu," akasema, "mato yangu ni mabovu, lakini huyu ni punda."

Basi nikanunua kisoma diski cha nje, kile chembamba cha kuchomeka kwenye laptopu, kwa shilingi elfu mbili na ushei pamoja na nauli ya mzigo kutoka Mombasa. Kilipofika kilikuwa kikiwaka taa, kinanguruma kidogo, kinanyamaza. Nilikaribia kukirudisha. Kumbe waya wake ulikuwa na vichwa viwili, nami nilichomeka kimoja tu nikidhani cha pili ni cha akiba. Tundu moja la laptopu yangu kuukuu halikuwa na nguvu za kutosha kuizungusha diski. Anayenunua kifaa cha namna hii autazame waya kabla ya kumlaumu muuzaji.

Kosa langu la pili lilikuwa kudhani kwamba filamu kwenye DVD ni faili moja. Ukiifungua diski utakuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake filamu imekatwa vipande vyenye jina linaloishia kwa VOB, kila kimoja hakizidi gigabaiti moja. Nilivinakili vyote kama vilivyo nikavipeleka kwenye simu, nikapanda mashua kwa furaha. Katikati ya Mkanda, ule mkondo wa bahari tunaoupitia kwenda Pate, mashua ikiambaa penye kina kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa, nikafungua kipande cha kwanza kwenye orodha, kile chenye sifuri mwishoni. Hicho hakikuwa filamu, kilikuwa ile picha ya mwanzo yenye vitufe vya kuchagua, na wimbo wake wa nusu dakika ukawa unajirudia. Abiria wenzangu walivumilia mara nne.

Dawa yake niliipata kwenye programu ya bure iitwayo HandBrake. Hii huisoma folda nzima, ikavitambua vipande ni filamu moja, ikaibana kuwa faili moja ya MP4 ambayo simu yoyote ya siku hizi huicheza. Ndani yake mna mipangilio iliyokwisha tayarishwa, na kwa diski zetu, ambazo picha yake ni ya nukta 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde, huchagua ule wa 576p25 nikaacha mengine kama yalivyo. Filamu ya saa mbili iliyokuwa na gigabaiti nne na zaidi hushuka ikawa karibu moja, na kwenye kioo cha simu sioni nilichopoteza. Wanaokwambia uchague ubora wa juu kabisa hawajawahi kulipia kadi ya kumbukumbu. Laptopu yangu huchukua muda mrefu karibu sawa na filamu yenyewe, hivyo huzipanga diski nilizokwisha kunakili kwenye foleni usiku, nikalala.

Rekodi za Maulidi na za harusi zina adabu yake. Kamera nyingi za zamani zilihifadhi kila picha kwa mafungu mawili, mistari ya witiri na mistari ya shufwa, zikipishana kwa sehemu ndogo ya sekunde. Televisheni ya kizamani iliyaunganisha mafungu hayo bila mtu kujua, lakini kwenye simu kila kinachokwenda haraka huota meno ya kitana ubavuni. Katika nakala yangu ya kwanza wacheza goma walionekana wameshika misumeno badala ya bakora. Kwenye HandBrake mna kichujio cha kuondoa meno hayo. Nilikiwasha, nikairudia kazi, na bakora zikarudi kuwa bakora.

Sasa nije kwenye jambo ninalojivunia, na atakayeliona dogo aliruke. Kichekesho nikipendacho kuliko vyote kiko kwenye VCD mbili, kama zilivyokuwa filamu nyingi zamani, kwa sababu VCD moja hubeba dakika sabini na kitu tu. VCD haina kufuli, na faili lake ni jepesi kulipata: huwa ndani ya folda ya MPEGAV, jina likiishia kwa DAT. Taabu yake ni mikwaruzo. Waliobuni VCD waliitoa ile nafasi ambayo diski ya data huiweka kwa kusahihisha makosa wakaijaza picha, hivyo mkwaruzo ambao diski nyingine ingeumeza, VCD husimama hapo. Yangu ilisimama dakika ya arobaini na moja. Niliiosha kwa maji na sabuni kidogo, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Ikasimama dakika ya arobaini na mbili. Mtu akanishauri dawa ya meno. Nikapaka, nikasugua, ikanukia vizuri na kusimama dakika ya thelathini na nane.

Hapo nikakumbuka kwamba shangazi yangu wa Langoni aliwahi kununua filamu hiyohiyo. Nilimwendea, akanipa na diski na jalada lake niondoke nayo moja kwa moja, kwani mashine yake ilikwisha kufa. Ya kwake nayo ilikuwa na jeraha, lakini dakika ya kumi na mbili. Diski mbili mbovu, zote zimelipiwa, na ubovu hauko mahali pamoja! Kompyuta ilikuwa ikikataa kulinakili faili zima kila ilipokuta jeraha, kwa hiyo nilitumia VLC, programu ya bure ya kucheza filamu, ambayo hukuruhusu kurekodi kinachochezwa kutoka dakika unayotaka. Nikachukua nusu saa ya mwanzo kutoka yangu na sehemu iliyobaki kutoka ya shangazi, kisha Avidemux, nayo ya bure, ikaviunganisha. Mahali pa kiungo, mwigizaji anaposema neno "shemeji", husikika kama ameguswa na sindano. Ni mimi tu nijuaye, na sasa nanyi.

Diski za kigeni zilinishinda, na niliziacha zinishinde. Nyingi zina kufuli liitwalo CSS. HandBrake yenyewe hailifungui, na ukilazimisha hupata vigae vya kijani na waridi vikirukaruka. Kufuli hilo lilivunjwa tangu 1999, hivyo programu za kulifungua zimejaa, na fundi wa simu mmoja alikuwa tayari kuniwekea moja kwa bei ya soda. Nilimjibu kwamba ndio mpaka wangu. Filamu mbili kati ya hizo nilizitaka sana, nikazinunua upya kwenye duka la mtandaoni linaloruhusu kuzihifadhi kwenye simu. Kulipia kitu mara mbili kuliniuma, sikatai.

Diski moja ya Kiswahili haikuwa na kufuli, lakini jalada lake liliandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni marufuku kunakili, na chini yake namba ya simu ya mtayarishaji. Nikampigia. Alipopokea nikajitambulisha, nikamweleza kwamba ninayo diski yake halali yenye kibandiko cha uhalali, nami naomba ruhusa ya kuweka nakala moja kwenye simu yangu. Pakawa kimya. Kisha akaniuliza kwa upole kama ninatoka kituo cha polisi. Nilipomhakikishia kuwa mimi ni mwalimu wa Pate alicheka mpaka akakohoa, akasema katika miaka yake yote ya kazi hajapata kupigiwa simu ya namna hiyo, na jioni akaniandikia ruhusa kwa ujumbe wa WhatsApp. Ujumbe huo nimeuhifadhi pamoja na faili lenyewe.

Mwezi uliopita tulikwama tena Mkandani tukisubiri maji yajae, nikafungua kile kichekesho cha VCD mbili. Polepole abiria wakajisogeza nyuma yangu, na mwisho nahodha naye akainama kutazama, kwani mashua ilikuwa haiendi popote.

"Mwalimu, nirushie na mimi," akasema, akitoa simu yake.

"Ami, hii siwezi kuirusha. Ila diski yake bado inauzwa, niliiona pale dukani karibu na gati."

Alinitazama kama mtu aliyenyimwa maji ya kunywa, na safari ile hatukusema tena. Jumapili iliyofuata nilipopanda mashua akanikabidhi mfuko wa plastiki, ndani mna diski mpya ambayo nailoni yake haijachanwa, na simu yake ikiwa imechajiwa tayari. Tangu siku hiyo kisoma diski changu kinakaa kwake, waya wenye vichwa viwili pamoja nacho, na nauli yangu ya kwenda Mtangawanda hajaidai.