Alama ya ekzosi kwenye kigimbi

Kaa kibarazani Ngamiani, Tanga, jioni, tazama miguu ya wapita njia. Wengi wana baka kwenye kigimbi cha kulia, jeusi pembeni, limepauka katikati. Hiyo ni ekzosi ya bodaboda. Kwa pikipiki nyingi bomba la moshi liko kulia, na abiria mwenye haraka hushukia hukohuko. Shukia kushoto. Yanayofuata ni ya aliyekwisha kuungua.

Jeraha lililoishia tabaka la juu la ngozi huacha rangi tu, nayo hufifia. Kovu linatokana na jeraha lililofika tabaka la chini, lenye nyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Ngozi nzima imesukwa kama mkeka, nyuzi zikipishana huku na huku. Mwili unapoziba pengo hausuki hivyo. Hulaza nyuzi kwa upande mmoja, harakaharaka, bila vinyweleo wala tezi za jasho. Kisha hurekebisha kazi yake kwa mwaka mzima au zaidi, ndiyo maana kovu la miezi mitatu, gumu na linalowasha, si lazima libaki hivyo. Hata likikomaa, uimara wake hufikia kama asilimia 80 ya ngozi ya awali.

Kubwa ni muda wa kidonda kufunga. Kikifunga ndani ya wiki 2, mara nyingi hakiachi kovu nene. Kikipita wiki 3, hatari inapanda sana. Kwa hiyo kazi ya kovu huanza siku ya ajali, si siku ya kutafuta krimu dukani.

Fungulia maji ya bomba yatiririke juu ya palipoungua kwa dakika 20. Hata kama saa moja imepita, bado yanasaidia. Barafu hapana, inaumiza ngozi zaidi. Dawa ya meno, ute wa yai, majivu na mafuta ya taa huingiza uchafu, na daktari atalazimika kuvikwangua ndipo aone jeraha. Lengelenge usilitumbue.

Halafu kuna ule usemi wa kila nyumba: "kiache kipigwe upepo kikauke." Hapana. Kidonda kikikauka hujenga kigaga kigumu, na ngozi mpya inayotambaa kutoka pembeni inabidi ijichimbie njia chini yake. Ukikibandua kigaga, unaondoka na ngozi hiyo. Osha kwa maji safi na sabuni laini kila siku, paka mafuta ya mgando kidogo, funika kwa bandeji isiyogandamana na kidonda. Jeraha la moto linalozidi kiganja cha mgonjwa, lililo usoni, mkononi au kwenye kiungo, au lililopauka na haliumi, lipelekwe hospitali. Kwa Tanga mjini, Bombo. Uliza pia chanjo ya pepopunda.

Kikishafunga kabisa, karatasi ya silikoni, inayobandikwa juu ya kovu, ndiyo hupendekezwa kwanza: saa 12 au zaidi kwa siku, miezi 2 hadi 3, ukiiosha kila siku maana jasho la pwani huleta vipele. Kusugua kwa ncha ya kidole dakika 10 asubuhi na jioni kunalainisha. Mafuta ya nazi yanatosha, usilipie chupa ya bei. Kovu likingali jipya, lifunike kwa suruali au khanga dhidi ya jua, la sivyo litakolea weusi. Na ndimu msipake! Maji yake yakikutana na jua huunguza upya. Krimu za kung'arisha zenye steroidi hukondesha ngozi ya pembeni, nalo kovu lipo palepale.

Keloidi, yaani kovu linaloota kama uvimbe, ni jambo jingine. Yenyewe huvuka mpaka wa jeraha na kuendelea kukua, hasa kwenye ndewe ya sikio, kifua, bega na taya, na hupatikana zaidi kwa ngozi nyeusi na kwa ukoo. Kuikata peke yake ni kuialika irudi, mara nyingi kubwa kuliko ya kwanza. Daktari huichoma sindano ya triamsinoloni, dawa ya kuipunguza, ndani yake kila baada ya wiki 4 hadi 6, na akiikata huongeza tiba nyingine juu. Kama mama au shangazi anayo, binti asiongezewe matundu ya urembo sikioni, na kiuvimbe kigumu kinachowasha nyuma ya hereni kionwe na daktari kikiwa bado kama punje ya mtama.