Siku moja ya fundi umeme: hita ya bafuni si "nyaya tatu tu"

Saa kumi na mbili asubuhi nakagua mkoba: testa, mita, bisibisi zenye mipini mizima, koleo, tepu, kufuli dogo la breka. Betri za mita nazitazama kwanza, maana mita yenye betri iliyochoka haiaminiki, na mimi kazi yangu yote inasimama juu ya kile mita inachosema. Saa mbili mpaka saa nne ni soketi iliyolegea hapa, taa inayopepesa pale. Zimeisha.

Saa nne na nusu nafika kwa mzee mmoja aliyenunua hita mpya ya bafuni. Ameiweka mezani, boksi limeshafunguliwa. "Fundi, nyaya ni tatu tu. Ya zamani unaitoa, mpya unaichomeka palepale. Yule wa kwanza alimaliza nusu saa."

Nikamuuliza ya zamani ina shida gani. Akasema inapasha vizuri tu, ila bomba "linawasha kidogo" ukilishika, ndiyo maana nyumbani wote wanaoga na ndala.

Hapo ndipo siku yangu ilipobadilika. Bomba halitakiwi kumwasha mtu. Ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi kuliko ngozi kavu, na anayeoga amesimama majini, amelishika bomba. Watu wanalizungumza kama jambo la kuzoea, na kila nikilisikia moyo unaniruka.

Nilizima breka kuu, nikaipiga kufuli, ufunguo mfukoni. Kijana wa nyumbani akaja kuomba awashe "dakika mbili tu" achaji simu. Nikamkatalia. Akarudi. Nikamkatalia tena, na mzee naye akaanza kununa kwamba namweka mtoto gizani mchana kweupe. Lakini fundi akiwa ameshika waya huku mwingine yuko kwenye boksi la breka, maisha yake yako mikononi mwa mtu asiyemwona. Kabla ya kuzima nilikuwa nimeijaribu testa kwenye soketi yenye umeme nijue inafanya kazi. Baada ya kuzima nikapima nyaya za hita zote, kila moja na mwenzake, kisha nikaijaribu tena kwenye kifaa changu chenye umeme wa betri, nisije nikadanganywa na testa iliyokufa katikati ya kazi.

Nikafungua kifuniko. Waya wa moto unaoleta umeme upo, nyutro inayourudisha ipo. Wa ethi, ule wa kijani na njano wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, umekatwa karibu kabisa na ganda lake, ukakunjwa nyuma na kuzungushiwa tepu nyeusi vizuri. Haukukatika wenyewe, mtu aliukata kwa makusudi.

Nikamwita mzee aone. Akakumbuka: zamani kila maji yakipashwa, breka ilikuwa inaruka nyumba nzima. Fundi akaja, "akatengeneza", haikuruka tena. Nikamweleza taratibu. Breka ile, tunayoiita RCD, hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipotea wa kiasi cha milliampea 30 hukata ndani ya sehemu ya sekunde. Ganda la koili, ile inayopasha maji, lilikuwa limepasuka, umeme unavuja, ethi ikaupeleka ardhini na breka ikafanya kazi yake. Kuukata waya wa ethi hakukuziba uvujaji. Uvujaji ukabaki ukingoja njia nyingine, na njia hiyo ikawa mwili wa anayeoga.

Mzee alinyamaza. Kisha shemeji yake akapiga simu, naye "anajua umeme", akashauri hita mpya iunganishwe kwenye laini ya taa, breka ikijikata niweke kubwa zaidi. Hita hiyo ni kilowati 5.5. Kwa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Laini ya taa ya nyumba ile ni waya wa milimita za mraba 1.5, mwembamba mno kwa mzigo huo. Breka ya laini, tofauti na RCD, ipo kuulinda waya. Ukiweka breka kubwa, waya ndio utakaoungua, tena ndani ya ukuta ambako hakuna anayeuona. Nilirudia maneno hayo mara kadhaa, kwa mzee na kwa simu, mpaka sauti ikakauka. Mwisho mama mwenye nyumba ndiye aliyesema, "Mwache fundi afanye anavyojua, wanaooga humo ni wajukuu zangu."

Baada ya hapo sikutazama saa tena. Kebo mpya ya milimita za mraba 6 kutoka boksi la breka mpaka bafuni ilipita juu ya dari, mchana, kwa tumbo, vumbi puani, na kebo nene haikunji kwa hiari. Swichi ya zamani ilikuwa ndani, mtu anaifikia akiwa amelowa. Nikaiweka mpya nje ya mlango, ya kukata waya wa moto na nyutro pamoja. Ndani ya hita waya wa ethi niliuacha mrefu kuliko wenzake, ili kebo ikivutwa siku moja, ethi iwe ya mwisho kuchomoka. Kila skrubu nikaikaza, kila waya nikauvuta kwa mkono. Hita ikiwa bado haijaungwa, nikapima kebo kwa volti 500, hakuna uvujaji. Nikaiunga, nikafungulia maji mpaka yakatoka bila hewa, maana koili ikiwashwa kavu inaungua. Ndipo nikatoa kufuli.

Nikambonyezesha mzee mwenyewe kitufe cha majaribio cha RCD. Ikaruka. Akairudisha, akabonyeza tena.

Malipo yalikuwa na ubishi kidogo, tukaelewana. Nikiwa nafunga mkoba, miguu haina nguvu, mama akauliza kama bafu la wageni nalo lina shida hiyo. Nikazima tena, nikafungua. Tepu nyeusi ileile, mkunjo uleule. Nikazitoa nyaya zake kwenye breka, nikazifunga ncha, nikaandika juu ya swichi "USIWASHE". Kebo ya huko nitaipitisha kesho asubuhi, kabla dari halijapata joto.