Siku moja kliniki ya moyo, Kigoma

Saa 11 alfajiri
Nakaa Mwanga, juu kidogo, na nikifungua dirisha kabla ya adhana naziona taa za wavuvi wa dagaa. Leo nimezihesabu kwa hamu. Ziwa lilichafuka siku nne mfululizo, na nina mgonjwa anayetegemea boti kufika mjini. Taa zilikuwa nyingi. Basi boti za kaskazini zitashusha watu Kibirizi.

Saa 1:30 asubuhi
Ripoti ya usiku, chai ya haraka, mafaili mezani.

Mimi ni nesi. Hapa kwetu moyo haupasuliwi. Wagonjwa hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Kabla taasisi hiyo haijaanzishwa mwaka 2015, wengi walipelekwa India. Watu wakisikia fulani kafanyiwa upasuaji wa moyo, husema amepona. Nami hufurahi. Lakini kazi yangu inaanza siku anaposhuka kwenye basi hapa Kigoma, na hapo ndipo tunapowapoteza wengine.

Saa 3
Amefika, na mama yake. Ana miaka 19, na mwaka juzi aliwekewa valvu ya chuma kwenye mlango wa mitrali, upande wa kushoto wa moyo. Mkikaa kimya chumbani unaisikia: tik, tik, kama saa ya mkononi. Mdogo wake hulala akiisikiliza.

Zamani nilikuwa nauliza, "Dawa unakunywa?" na kila mtu alijibu ndiyo. Siku hizi naomba pakiti, namwaga vidonge mezani, nahesabu. Alikuwa na warfarini nne na kipande kilichokatwa kwa wembe. Kwa hesabu yangu vilitakiwa viwe vimekwisha.

Nikamtazama mama.

"Nesi, ziwa lilichafuka. Nikaona nimpe leo, kesho aruke, ili zifike."

Sikumgombeza. Mtu aliyezoea kubana unga ufike mwisho wa mwezi, na dawa ataibana vivyo hivyo. Nikachora kwenye karatasi. Damu ikikutana na valvu ya chuma hutaka kuganda. Bonge linaweza kuikwamisha valvu, au likasafiri hadi kwenye ubongo na mtu akapooza. Warfarini ndiyo inayozuia, na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani, hutuambia kama inatosha. Kwa valvu kama yake tunataka kati ya 2.5 na 3.5, ikizidi sana, atavuja damu. Leo ilikuwa 1.4. Daktari ameandika sindano za tumboni mpaka ipande, kwa hiyo watalala kwa shangazi Ujiji.

Kuna mtu kijijini alimwambia aache kabisa mboga za majani. Hapana jamani. Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K, na hiyo hupunguza nguvu ya warfarini, lakini kinachotuvurugia dozi ni kula sahani tele leo kisha wiki nzima hakuna. Ale kiasi kilekile.

Mama alipokwenda dirisha la dawa, binti akainama. "Dada, wamekuja kunichumbia."

Nikafunga mlango. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Ndiyo maana wasichana wengine huwekewa valvu ya tishu ya mnyama, ambayo haidai warfarini maisha yote, ila kwa vijana huchakaa mapema na kifua kikafunguliwa tena. Kila njia ina bei yake. Nilimwomba aje na mchumba wake, na mimba ipangwe, waje kwetu kabla haijaingia. Akauliza kama mume atamkataa akiusikia mlio wa kifuani. Nilimshika mkono tu.

Saa 5
Sindano za mwezi. Hawa ni watoto ambao homa ya rumatiki, ile inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa, imeanza kugusa milango ya moyo. Penisilini ya benzathini kila wiki 3 au 4 huzuia homa isirudi kuiharibu zaidi. Ukishaichanganya inakuwa nyeupe kama maziwa mazito, na inauma. Naisukuma polepole. Kabla ya hapo kila mtoto awe amekula, amekunywa maji, na amejilaza kitandani, maana mwenye moyo uliochoka anaweza kuzirai.

Saa 8 mchana
Mzee mstaafu wa reli, wiki ya saba tangu apandikizwe mishipa. Kwake milango ni mizima. Iliyoziba ni mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Walichukua mshipa wa mguuni na mwingine wa ndani ya kifua, wakaipitisha damu kando ya palipoziba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Madumu ya maji nibebe lini?"

Mfupa wa kifua huunga kwa wiki 8 hadi 12, kwa hiyo bado. Kumbe aspirini ameacha, kwa kuwa maumivu yameisha. "Mzee wangu, hata mshipa mpya huziba," nikamwambia, na mkewe akaliandika neno hilo nyuma ya daftari.

Saa 2 usiku
Nimerudi, miguu imevimba. Jirani ananigongea: mwanawe wa miaka minane ana homa tangu juzi, hamezi. Nikammulika koo kwa tochi ya simu. Jekundu, lina madoa meupe, na hakohoi. Inaweza kuwa streptokoka, bakteria wanaoanzisha homa ya rumatiki.

"Ni koo tu," jirani anasema. "Nimempa maji ya chumvi."

Mama wa asubuhi naye aliniambia kwamba kwa binti yake ilianza hivyo, koo tu, akiwa darasa la tatu. Dawa ikianza ndani ya siku 9, homa ya rumatiki huzuilika. Nimemwambia jirani nitampitia saa 12:30, twende wote, mtoto awe amekula.