Siku moja na futi yangu ya fundi cherehani

Saa 11 alfajiri. Kabla sijawasha jiko nameza losatani yangu. Ndiyo, muuguzi wa kliniki ya presha naye ana presha, na wagonjwa wangu wanajua. Wapo wanaoniuliza yangu ikoje kabla sijawafunga mkanda wao. Kisha chai bila sukari. Huu mwaka wa tatu, na bado siipendi.

Saa 12 na nusu. Natoka Makorora kwa baiskeli. Tanga sisi ni watu wa baiskeli tangu zamani, ingawa wenzangu wengi wamehamia bodaboda. Baadhi yao nimekuja kukutana nao kwenye benchi la kliniki.

Saa 1 asubuhi. Benchi limejaa. Nauliza nani hajala, mikono yote juu. Bibi mmoja wa mbele ananiambia, "Sijala, mwanangu, nimekunywa chai tu."

"Ya sukari, bibi?"

"Kidogo."

"Na kitumbua?"

"Kimoja nacho ni chakula?"

Kipimo cha sukari cha asubuhi kinataka uwe umekaa saa 8 au zaidi bila kitu ila maji. Namwandikia arudi kesho. Ananisonya, halafu ananiombea dua.

Saa 2 hadi saa 4. Kupima. Presha haina hadithi: dakika tano umekaa, mgongo umeegemea, miguu chini, mdomo umefungwa (hapo ndipo kazi ilipo). Kinachochukua muda ni futi. Ni ile ya plastiki ya fundi cherehani, nilinunua kwa hela yangu, na nimeitoboa kwa sindano nikashona nyuzi mbili: nyekundu kwenye sentimita 80 kwa wanawake, ya buluu kwenye 94 kwa wanaume. Napitisha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akishatoa pumzi. Kina mama inabidi walegeze kanga. Wanaume wanavuta tumbo ndani kama askari kwenye gwaride, nami nasubiri. Hakuna anayeweza kubana pumzi kunishinda.

Namba hizo 80 na 94, nikiri, ni za viuno vya Wazungu. Shirikisho la kimataifa la kisukari lilipotoa vigezo vyake mwaka 2005, Waafrika wa kusini mwa Sahara tuliambiwa tutumie za Ulaya mpaka za kwetu zipatikane. Naona ni afadhali kuliko kukadiria kwa macho.

Madaktari wanaiita sindromu ya metaboli. Mimi kwa wagonjwa nasema "tatu kwa tano". Vinahesabiwa vitu vitano: presha kuanzia 130/85 au kuwa kwenye dawa yake, sukari ya asubuhi kuanzia 5.6, kiuno, mafuta ya trigliseridi kuanzia 1.7, na HDL, ile lehemu nzuri, ikishuka chini ya 1.0 kwa mwanaume au 1.3 kwa mwanamke. Vikitimia vitatu, moyo na mishipa viko hatarini kuliko presha peke yake inavyoonyesha, na kisukari kiko njiani. Anayekuja kwangu tayari anacho kimoja mfukoni. Mafuta leo hayapimwi, vitendanishi vimekwisha. Nimebaki na futi na tone la damu la kidole.

Mzee mmoja fundi baiskeli: 148/90, sukari 5.9, kiuno 93. Chini ya uzi. "Mbili tu, baba," namwambia. Anacheka, anapiga tumbo kofi. "Baiskeli hiyo, sista!" Anaondoka mwepesi.

Saa 5. Dereva wa basi la Dar, umri 46. 152/96, kiuno 108, sukari 6.3. Mafuta alipimwa mwezi uliopita, yote mawili mabaya. Tano kwa tano. Anakataa katakata: "Mimi sina sukari." Ni kweli, kisukari kinaanzia 7.0. Namwambia insulini ni mpiga debe, kazi yake kuita sukari ipande kwenye chembe za mwili. Mafuta yakijaa ndani ya tumbo, abiria hawasikii, kongosho linaleta wapiga debe zaidi. Stendi inachafuka: figo zinashikilia chumvi, mishipa inakaza, presha inapanda. Ananyamaza. "Kwa hiyo siku nikiona sukari imepanda, wapiga debe wameshachoka?" Mwaka mzima sijapata mwanafunzi wa namna hii. Dawa zake, ya kukojosha pamoja na atenololi, zinaweza kuipandisha sukari taratibu, kwa hiyo daktari anazibadilisha.

Kiuno nakiandika pembeni ya kadi. Kadi ina nafasi ya presha, uzito, sukari, hata ya simu ya jirani. Ya kiuno haina.

Saa 7 mchana. Ugali nusu, dagaa, mchicha mwingi. Namsimulia mwenzangu kwamba Gerald Reaven, daktari Mmarekani aliyeviunganisha vitu hivi mwaka 1988 akaviita Sindromu X, kitambi hakukiweka kwenye orodha yake. "Basi futi yako isingekuwa na kazi," ananijibu.

Saa 8 hadi saa 10. Makaratasi.

Saa 11 jioni. Ngamiani, kwa fundi anayenishonea sare. Anachukua futi yangu achezee nyuzi, anailaza juu ya yake mpya, anaguna. "Dada, hii imevutika." Nainama. Uzi wangu wa buluu, ulio kwenye 94, umelala kwenye 96 yake.

Nasimama pale na hesabu kichwani. Dereva ni 110, hana cha kupoteza. Lakini yule mzee niliyemsoma 93 ni 95, na 95 iko juu ya uzi. Presha, sukari, kiuno.

Nanunua futi mpya. Fundi ananiazima sindano, nashona nyuzi palepale kibarazani. Nyuma ya daftari naandika: fundi baiskeli, apigiwe kesho saa 2, apimwe upya.