Ukuta wa Upande wa Kusi

Mama alifika Swansea, mji wa pwani ya Wales, Januari 2014 kunitunza arubaini ya mtoto wangu wa pili. Sanduku moja nguo, jingine mdalasini, pilipili manga na habbat soda. Majira yale ya baridi, dhoruba zilikuwa zikitoka baharini kwa kupokezana. Moja haijatulia, nyingine imeshafika. Alilala na mtoto chumba cha nyuma. Alfajiri, baada ya sala, nilimkuta amesimama, kiganja chake kiko ukutani.

"Ukuta huu unalia, mwanangu."

Nilikuwa nikijua. Nyumba yetu ni ya miaka ya 1930, na kama nyumba nyingi za Uingereza za wakati ule, ukuta wake wa nje ni kuta mbili za matofali zilizosimama sambamba, katikati pameachwa uwazi wa kama sentimita 5. Uwazi ule una kazi. Mvua ikipenya tofali la nje, maji huteremkia humo hadi chini, na ukuta wa ndani hubaki mkavu. Mwaka 2011 kijana mmoja alibisha hodi, akatueleza kwamba upo mpango wa kupunguza matumizi ya gesi majumbani, na kwamba tutajaziwa pamba humo ndani bila kutoa hata senti. Tulikubali siku ile ile. Mafundi wakatoboa matundu kwa nje, wakapuliza pamba ya madini, yaani nyuzi laini za mawe au kioo, kwa mpira, wakaziba, wakatuachia dhamana ya miaka 25. Yote kwa saa chache. Mwaka ule nyumba ilipata joto, nikashukuru.

Mwaka wa pili karatasi ya ukutani ikaanza kubanduka. Ukaja ukungu mweusi, kwanza nukta nukta pembeni ya dirisha, kisha mabaka. Nilikwangua, nikasugua kwa jiki, nikapaka rangi, ukarudi. Binti yangu mkubwa akawa anakohoa kila usiku. Kampuni iliyojaza pamba ilimtuma mtu. Ukuta aliutazama kidogo tu. Akageukia sufuria zangu jikoni na nguo za mtoto zilizoanikwa juu ya hita, akaandika kuwa ni mvuke wa humo ndani: tufungue madirisha, tupunguze kuanika. Nililia siku ile. Na kibaya zaidi, nilimwamini. Nikawa napika dirisha wazi kwenye baridi kali, mtoto nimemfunga mgongoni.

Mama hakukubali hata kidogo. "Mvuke hauchagui ukuta. Mbona ule wa mashariki ni mkavu, na nguo unaanika pale pale?" Kisha akauliza upepo wa huku unatoka wapi. Nyumba ya babake Mji wa Kale, Mombasa, ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, na kila mtoto wa nyumba ile alijua kwamba ukuta wa kulowa ni wa upande wa kusi. Akaitungua kalenda ya msikiti iliyokuwa jikoni, akatafuta penseli. Kila asubuhi alibandika karatasi ya shashi ukutani, akaitazama, akaandika K kwa kavu au M kwa maji. Mume wangu alimsomea upepo kwenye simu, naye akachora mshale. Alifanya hivyo wiki sita. Herufi M zote ziliangukia siku za upepo wa kusini-magharibi, au kesho yake. Ijumaa moja tulivu tulipika pilau ya wageni, madirisha tumefunga yote. Asubuhi yake akaandika K, akaipigia mstari chini.

Kwa kalenda ile tulitafuta fundi mwingine, wa kumlipa wenyewe. Aliingiza kamera nyembamba kwenye tundu, akanyamaza, kisha akachukua tindo na nyundo akatoa matofali mawili ya chini. Akapenyeza mkono. Alichokitoa kilikuwa donge la rangi ya kijivu, limeshikana, na alipolikamua maji yalimtiririka hadi kwenye kiwiko. Saruji kati ya matofali ya nje ilikuwa imeliwa, akatuonyesha, na nyumba inayopigwa na mvua ya baharini hivi haikufaa kujazwa kabla ya kuchunguzwa. Sina ugomvi na kuzuia baridi. Watu wanahitaji joto. Lakini ule uchunguzi tulistahili.

Mama aliomba alishike donge lile. Akalibonyeza kwa vidole. "Godoro la sufi likilowa, unalianika au unalitupa," alisema. "Hawa wamelifungia ndani."

Pamba ilitolewa kwa upepo wa kompresa siku mbili, gunia baada ya gunia, kisha matofali yakapigwa saruji mpya. Habari ya dhamana ni ndefu. Barua zilikwenda na kurudi hadi mwaka uliofuata, ndipo tukarudishiwa sehemu ya gharama. Ukuta wenyewe ulichukua majira yote ya joto kukauka.

Novemba, mama amesharudi Mombasa, upepo ulivuma usiku kucha na mvua ikachapa matofali. Alfajiri niliweka kiganja pale pale. Baridi, kuliko zamani. Nikampigia.

"Upepo unatoka wapi?" aliuliza, hata salamu hatujamaliza.

"Kusini-magharibi, mama. Tangu jana mchana."

"Na ukuta?"

"Mkavu."

Nilimsikia akimwambia mtu pale nyumbani, "Mkavu!" Kisha akaniuliza kama yule binti mkubwa bado anakohoa.